Mikono Namba Saba

Mama Kamera hakuwa mtu wa kukumbuka sura. Ungekutana naye sokoni ukamchekea mpaka jino la mwisho, angekupita kama anapita nguzo ya umeme. Lakini ngoja unyooshe mkono kuchagua nyanya! Hapo hapo angesimama, kikapu begani, aseme: "Ahaa, kumbe wewe! Wewe ndiye ulikata keki umeshika kisu kama msumeno. Mke hajambo?"

Miaka ishirini na miwili alipiga video za harusi, ndiyo maana. Sura za harusini zote zinafanana, alikuwa akisema, zimepakwa poda, zinatabasamu kwa amri. Mikono haijui kuigiza. Alikuwa anavuta kamera karibu kabisa pale kwenye keki, anaangalia nani anashika kisu, nani anashika mkono wa nani, nani anaminya, nani ananing'inia tu kama soksi kwenye kamba, na jioni akirudi nyumbani anamwambia mumewe: "Hawa watadumu." Au: "Hawa, mmh. Tuombe Mungu." Hakukosea mara nyingi. Akikosea alisema subirini kwanza.

Halafu simu zikaja zikaila kazi yake nzima nzima. Bibi harusi ana mashangazi kumi na wawili, kila shangazi ana simu, kila simu ina taa, keki ikikatwa huoni keki, unaona migongo ya mashangazi. Video imeshazunguka dunia kabla bwana harusi hajameza kipande chake. Sasa nani amwite mama wa watu na begi lake la nyaya na miguu mitatu ya chuma?

Ndipo hospitali kubwa ya mji ikatangaza inatafuta mpiga video. Akaenda. Kwenye usaili wakamuuliza kama damu haimtishi.

"Mwanangu," akamwambia yule kijana wa ofisini, "mimi nimesimama katikati ya koo mbili zinagombea viti vya mbele. Damu ni nini?"

Akapata kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Madaktari wanaosomea upasuaji zamani walipimwa kwa kumbukumbu na hali ya hewa. Yaani mkubwa wao akiamka vizuri, wote mmefaulu. Akiamka mgongo unamuuma, wote mikono yenu ni ya kuchimbia mihogo. Sasa wakaamua mambo yawe ya haki: kamera ining'inie juu ya meza ya upasuaji kama bomba la kuogea, ichukue mikono na kidonda tu. Sura hakuna, jina hakuna. Mgonjwa mwenyewe ametia saini, na hata nywele zake hazionekani. Video inapewa namba. Baada ya wiki kadhaa majaji watatu wanakaa chumbani, sauti imezimwa, wanaangalia mikono peke yake na kujaza fomu yenye vipengele saba, kila kimoja alama tano. Jumla thelathini na tano. Ukipata wastani wa ishirini na moja umepita. Ukikosa mara mbili, unatolewa kwenye mafunzo, unarudi kuandikia watu dawa ya kikohozi.

Mama Kamera naye alitia saini karatasi yake: atakayefichua namba fulani ni ya nani, siku hiyo hiyo hana kazi.

Video yake ya kwanza, jamani, wacha tu. Mazoea ni mabaya. Aliiwekea muziki laini. Sindano ikiingia kwenye nyama inaingia polepoleee, kama bibi harusi anashuka kwenye gari. Pembeni aliweka fremu ya maua ya waridi, na mwanzoni yakatokea maandishi ya dhahabu yanazunguka: NGIRI YA UPANDE WA KULIA. Muuguzi mkuu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kila mtu alisema mama wa watu hamalizi wiki.

Mtu mmoja tu hakucheka. Profesa. Yeye aliangalia mpaka mwisho, kichwa kimeinama pembeni, halafu akauliza kwa sauti ya chini: "Na mimi unaweza kunitengenezea kama hii?"

Profesa huyu, hospitali nzima walimwita Bingwa. Yeye alijua, na alikuwa anajifanya hajui ili waendelee. Bingwa alikuwa mkuu wa upasuaji, jaji wa kwanza wa video, na mtu ambaye kila mwaka ndiye anasaini mkataba wa Mama Kamera. Akipita koridoni, wanafunzi wake wanamfuata nyuma kama mkia wa kanga. Alikuwa anasema mara tatu kwa siku kwamba mikono yake haijawahi kutetemeka. Hakuna aliyemuuliza, lakini alisema.

Mama Kamera, bila shaka, alimjua kwa kidole. Kile kidogo cha mwisho, cha mkono wa kulia. Bingwa akishika chombo chochote, mkasi, kibanio, hata kalamu, kidole kile kinasimama peke yake juu hewani kama mtu anakunywa chai ikulu.

Aliwajua wote hivyo. Mchana akila na mumewe, mwalimu mstaafu mwenye tumbo jepesi, alikuwa anamsimulia.

"Kuna mmoja anashika utumbo kama anashika mtoto wa mwenzake. Mwingine, ukimwona anafunga uzi, utasema anafunga mbuzi."

"Mke wangu, tunakula."

"Kula, nani kakukataza? Halafu kuna Taratibu. Mwalimu, ungeona mikono ya Taratibu! Hana haraka. Sindano inaingia pale pale anapotaka, inatoka pale pale. Hagusi kitu mara mbili. Kama ningepiga harusi yake, ningesema hawa watadumu."

"Ameolewa?"

"Sijui. Sura yake hata siikumbuki."

Taratibu alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, anayeongea kama anaomba radhi kwa hewa anayotumia. Jina hilo Bingwa ndiye alimpa, na hakumpa kwa upendo. Mwaka uliopita alikosa alama mbili tu akafeli. Sasa alibakiwa na nafasi moja, ya mwisho. Baba yake alikuwa na kinyozi wake, na kwa kinyozi hapo alishatangaza kwamba binti yake ni daktari wa upasuaji, amemaliza zamani, watu wamekaa foleni kutoka nchi za mbali. Kila Jumapili binti akipiga simu nyumbani baba anamuuliza: "Umeshapasua wangapi wiki hii?" Na yeye anajibu: "Wachache, baba." Maskini.

Siku ya kurekodiwa ilikuwa Jumanne asubuhi. Mgonjwa alikuwa mzee fundi viatu mwenye ngiri. Kamera juu, taa nyekundu inawaka, Mama Kamera kwenye kona yake na kofia ya plastiki kichwani, Taratibu mezani, Bingwa pembeni kama msimamizi. Sheria ya msimamizi iko wazi kama mchana: mikono nyuma. Unaweza kusema, usiguse. Ukigusa, kwa sababu mgonjwa yuko hatarini, fomuni kuna kisanduku kinasema "Msimamizi ameingilia", unatia alama, basi, video haihesabiwi.

Taratibu akaanza kushona. Dakika ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu Mama Kamera alikuwa anatabasamu ndani ya barakoa.

Dakika ya nne Bingwa akapumua kwa nguvu. Mtu akimwona mwenzake anaegesha gari polepole ndivyo anavyopumua. Halafu akasema, "Lete hapa," akamsukuma binti wa watu kwa nyonga kama watu wanaogombea kioo, akasimama mahali pake, akachukua sindano. Na hakuirudisha. Akashona mpaka mwisho, dakika kumi na nane, huku anafundisha, huku anaimba kidogo. Mzee fundi viatu hakupata shida yoyote, alipona vizuri, binadamu haharibiki kirahisi hivyo. Lakini kushona kwenyewe, jamani. Acha tu kwanza.

Mama Kamera akachungulia fomu. Kisanduku kilikuwa cheupe kama meno ya kwenye tangazo.

"Sista," akamnong'oneza muuguzi mkuu, "mbona hajatia alama?"

"Mama, huyo hajawahi kutia alama tangu kisanduku kizaliwe. Yeye anasema hajaingilia. Ameelekeza."

"Na wanafunzi hawasemi?"

"Waseme kwa nani? Kwa yeye?"

Kwa hiyo Mama Kamera akafanya anachofanya siku zote. Akakata sauti, akaondoa tarehe, akaandika namba saba. Video yenye sauti akaiweka kwenye faili lake la asili, kama inavyotakiwa. Taratibu alimfuata mlangoni.

"Mama, shikamoo. Ile video yangu... itahesabiwa?"

"Itahesabiwa, mwanangu."

"Lakini mimi nimeshona dakika nne tu."

"Najua."

"Nikisema, atasema namsingizia. Nisiposema... Baba yangu ameshawaambia watu."

Mama Kamera akaangalia mikono ya binti, ile mikono, imekunjana kama vifaranga kwenye mvua. Lakini naye alikuwa ametia saini karatasi.

Wiki tano zikapita. Siku ya majaji ikafika.

Chumba cha mikutano, saa nne asubuhi, mapazia yamefungwa ili skrini ionekane, chupa ya chai, biskuti za duara zinazovunjika ukizitazama. Majaji watatu. Bingwa kwenye kiti cha kati, kile chenye magurudumu. Kulia kwake Daktari wa Mifupa, mama mnene mwenye kicheko cha tumboni, ambaye anatengeneza nyonga za watu kwa nyundo na hana hofu na kiumbe. Kushoto Mgeni, daktari mzee kutoka hospitali nyingine, mpole, mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani. Mama Kamera nyuma na kompyuta yake, ambako hakuna mtu anageuka. Nje koridoni, kwenye benchi, wanafunzi kumi na mmoja wamekaa kimya. Kumi na mmoja, video kumi na moja. Bingwa hakuwa na namna ya kukumbuka ipi ni ipi, na kusema kweli hakuwahi kudhani kuna kitu cha kukumbuka.

Namba moja hadi sita zikapita. Saba ikaanza.

"Ooh," akasema Mgeni. "Huyu mzuri."

"Mzuri sana," akasema Daktari wa Mifupa. "Anajua anachofanya."

"Si mbaya," akasema Bingwa, na kwa Bingwa hilo ni kama kupigiwa ngoma.

Dakika ya nne. Mikono kidogo ikatoka nje ya picha, mikono ikarudi. Glavu zile zile, mikono mirefu ya gauni la bluu ile ile, upande ule ule. Na kidole kidogo kimesimama kama bendera shuleni.

Mama Kamera akashika meza.

"He!" akasema Bingwa. "Amepatwa na nini?"

"Hata mimi nashangaa," akasema Mgeni.

"Tazama hiyo sindano! Anaingiza, anatoa, anaingiza tena. Anatafuta nini humo, funguo za nyumba? Na hiyo nyama anaivuta kama anavuta shuka kwa mke wake!" Bingwa akageuka kwa wenzake, anafurahi kabisa, alikuwa anapenda sana sehemu hii. "Haya, ameangusha sindano. Mmeona? Ameangusha! Mimi nikiwa mwanafunzi, mtu akiangusha sindano hivi tulikuwa tunamcheka mwaka mzima."

"Na fundo hilo limelegea," akasema Daktari wa Mifupa.

"Fundo? Hilo ni fundo? Hilo ni la kamba za viatu vya mtoto wa chekechea. Na kidole hicho kimesimama cha nini? Tumealikwa chai? Mtu mwenye kidole kama hicho anajipenda kuliko mgonjwa. Andikeni maneno yangu."

Wakaandika. Mgeni akampa kumi na tano. Daktari wa Mifupa kumi na nne. Bingwa akampa kumi na moja, akapiga mstari chini yake mara mbili mpaka karatasi ikatoboka.

Mama Kamera alihesabu kichwani. Wastani kumi na tatu na ushee. Huko nje kwenye benchi kuna mtu ameshatolewa na hajui. Kusema "hiyo mikono si yake" ni kusema namba ni ya nani. Karatasi aliitia saini. Mkataba wake uko kwenye meza ya huyu huyu bwana, unasubiri kalamu. Angekaa kimya hakuna ambaye angemlaumu. Angekwenda nyumbani, angekula, mwalimu angemwambia tunakula.

Na Bingwa, kumbe, hakutosheka. Angenyamaza hapo yangekwisha. Lakini mtu akishaonja kusema vibaya, hashibi.

"Kinachoniuma," akasema, anazunguka na kiti chake, "ni ule mwanzo. Dakika nne za dhahabu! Halafu ghafla takataka. Lazima kuna sababu. Hofu? Kiburi? Kwenye ripoti nataka niandike ni nini hasa kilitokea dakika ya nne."

Kutoka nyuma kabisa ikasikika sauti ndogo ya heshima.

"Profesa, samahani. Sauti ipo."

Wote wakageuka. Ilikuwa mara ya kwanza chumba kile kinageuka upande ule.

"Sauti gani?"

"Ya chumbani siku hiyo. Sisi tunaizima tu. Kama mnataka kujua dakika ya nne kulitokea nini, labda mtu alisema kitu. Lakini sheria inataka jaji ndiye aagize, mimi siwezi kuiweka mwenyewe."

"Iweke!" akasema Bingwa. "Iweke, tusikie visingizio vyake."

"Una uhakika, Profesa?"

"Mama, nimesema iweke!"

Akairudisha video dakika ya nne, akaiweka. Akapandisha sauti kidogo, wala si sana, kama ya kusikiliza taarifa ya habari.

Mashine inalia pi, pi, pi. Mtu anapumua kwa nguvu. Halafu, wazi kabisa, sauti ambayo hospitali nzima inaijua hata ikikohoa:

"Tunashona mtu au tunasuka mkeka? Lete hapa. Sogea. Sogea, binti! Mikono hii ya kupambia keki. Haya, tazama mkono wa bingwa unavyofanya kazi. Unaona? Unaona uzuri huo?"

Kwenye skrini, hapo hapo, sindano ikaanguka.

"Nani amenipa sindano mbovu hii?" ikasema sauti.

Halafu ikaanza kuimba.

Biskuti ya Mgeni ilikuwa imechovywa kwenye chai, ikakatika, ikazama, naye akaendelea kushika kipande kilichobaki. Dakika nzima waliangalia kidole kikisimama, sauti ikiimba. Daktari wa Mifupa alikuwa ameuma ushungi wake, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka.

Hatimaye akapata pumzi. "Profesa," akasema kwa upole, "pale kwenye kipengele cha kidole, ulitaka tuandikeje? Kwamba anajipenda kuliko mgonjwa?"

"Zima," akasema Bingwa.

Mama Kamera akazima.

"Video hii," akasema Bingwa, na uso wake ulikuwa na rangi ya glavu iliyotumika, "ina hitilafu ya mitambo."

"Hitilafu gani?" akauliza Mgeni, ambaye kweli hakuwa na ubaya, alitaka kujua.

"Ya mitambo!"

Na ndivyo ilivyoandikwa. Hadi leo ukiomba faili la mwaka ule utakuta: namba saba imefutwa kwa sababu ya hitilafu ya mitambo, na mpiga video ameandikiwa barua ya kukumbushwa kutunza vifaa vyake. Barua ina muhuri. Mama Kamera aliifanyia fremu, akaiweka sebuleni karibu na picha ya harusi yake mwenyewe.

Lakini Daktari wa Mifupa hakukubali kuinuka kwenye kiti mpaka imeandikwa pia kwamba mwanafunzi wa namba saba, yeyote yule, atarekodiwa upya wiki hiyo hiyo, na kwamba yeye mwenyewe, mama wa nyundo, ataketi chumbani kuangalia mitambo. "Nataka nione hitilafu ikitaka kuingia," akasema. "Nitaijua. Ina kidole."

Ijumaa wakarekodi. Mgonjwa mwingine, ngiri nyingine. Taratibu alikuja amevimba macho, hakuna aliyemwambia kilichotokea, ameambiwa mitambo tu. Bingwa alisimama pembeni kama sheria inavyotaka. Mikono nyuma. Ungemwonea huruma, kama una huruma ya ziada nyumbani. Dakika ya nne akapumua. Dakika ya saba akahamia mguu mwingine. Dakika ya kumi na moja, kwenye skrini ya Mama Kamera, upande wa kulia kabisa wa picha, kitu kikaanza kuingia polepole. Kidogo, kimesimama, kimevaa glavu.

"Profesa," akasema Daktari wa Mifupa kutoka kwenye stuli yake, bila kuinua kichwa. "Hitilafu."

Kidole kikatoka.

Taratibu hakuona hata. Alikuwa anashona. Alishona dakika ishirini na sita, na hakugusa kitu mara mbili. Akafunga fundo la mwisho, akakata uzi, akaweka mkasi mezani bila mlio. Mama Kamera akazima taa nyekundu, na akagundua alikuwa amesimama kwa ncha za vidole muda wote.

Majaji walimpa ishirini na nane, thelathini, na ishirini na moja. Ishirini na moja ni ya nani, si lazima kuuliza. Amepita. Jumapili akampigia baba yake, baba akauliza umepasua wangapi, naye akasema: "Mmoja, baba. Mzima mzima, peke yangu." Baba hakuelewa furaha hiyo ilikuwa ya nini, kwa kinyozi huko idadi ilishafika mia mbili.

Wiki iliyofuata, mchana, mlango wa chumba cha video ukagongwa. Bingwa. Peke yake, bila mkia wake. Akafunga mlango, akaangalia nyaya, akaangalia dari, akaangalia ukuta. Mkononi alikuwa ameshika mkataba, umeshasainiwa.

"Mama, ile namba saba bado unayo?"

"Ipo, Profesa. Haifutwi."

"Hebu iweke kidogo. Bila sauti."

Wakaangalia wote wawili, dakika ya tano, ya sita, ya tisa. Sindano ilipoanguka akafumba macho. Mama Kamera alidhani, haya, leo mtu anajifunza jambo, na moyo ukaanza kumlegea.

Bingwa akasogea karibu na skrini. Akaweka kidole juu ya kidole.

"Hiki," akanong'ona, "kompyuta haiwezi kukiondoa?"

"Haiwezi, Profesa." Mama Kamera akafikiri kidogo. "Labda nikiwekee fremu ya maua. Waridi moja hapo juu, linakifunika chote."

Alikuwa anatania. Lakini Bingwa aliinamisha kichwa pembeni, akaangalia skrini kwa muda mrefu, na akauliza:

"Linapatikana jeupe?"